Machozi ya Hezekia

Mlalo, 9 Mei 1954

Mdogo wangu Yonathani,

Pokea salamu za nyumba yote, kuanzia Mama mpaka mbuzi, ambaye naye angekusalimu kama angekuwa bado anakukumbuka. Sisi ni wazima, isipokuwa mmoja nitakayemtaja huko chini. Masika ya mwaka huu hayana adabu. Maharagwe yameoza yakiwa shambani, njia ya Lushoto imemegeka, malori hayapiti, na barua hii itashuka kwa miguu na Rubeni mume wangu, juu ya tenga la kabichi. Mama mguu unamsumbua. Ameniagiza niandike kwamba mabati uliyoahidi bado yanasubiriwa, na kwamba paa linavuja juu ya kitanda chake yeye, si cha mtu mwingine. Nimeandika kama alivyosema.

Hizo ndizo salamu. Sasa sikia. Mwanao Hezekia aliumwa. Usiache kazi ukakimbia, leo ameamka anacheza, lakini tumeona cha moto.

Ilianza kwa kutapika. Mkeo Paskalina alidhani mtoto ameshiba kupita kiasi, akampangusa na kumlaza. Kufika adhuhuri akawa anahara maji matupu, tumbo linanguruma, mwili una joto, na kila anachonyonya kinarudi. Watoto wa jirani yetu Hamida nao walikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo mimi nikaona ni ugonjwa wa tumbo unaopita nyumba kwa nyumba, kama mafua yanavyopita. Mama hakuona hivyo. Aliangalia winda moja la mtoto, akafunga mdomo, akaufungua, akasema mtoto amebemendwa.

Unajua lilivyo neno hilo. Mtoto wa kunyonya akiharisha, watu husema mama yake hakuvumilia, amelala na mwanamume kabla ya kumwachisha ziwa, na maziwa yameharibika. Ndilo neno la kwanza linalosemwa huku, linatangulia hata pole. Na kwa kuwa mume wa Paskalina yuko Muheza akipima mkonge, watu wanajijazia wenyewe kilichobaki.

Maji nayo Mama ameyakataza. Anasema ukimpa maji mtoto anayehara unaongezea mto, mwache tumbo likauke. Tulibishana mpaka sauti zikafika kwa Hamida. Mwisho nikawa nampa maji yaliyochemshwa nyuma ya zizi, kijiko kwa kijiko, na mkeo amesimama mlangoni akilinda. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wangu, naiba maji ya kumnywesha mtoto wa ndugu yangu.

Mama anakusikiliza wewe tu, kwa kuwa u mwanamume na una kalamu mfukoni. Mwandikie kwamba mtoto akiharisha tena apewe maji. Mistari miwili inatosha, nitamsomea.

Kuna na jambo jingine, nalitaja kwa kuwa linanikera. Mwanamke mmoja wa sokoni amemwambia Mama kwamba Jumatatu ya Pasaka, Paskalina akirudi kutoka kwao Gare, alionekana Lushoto akitoka kwenye nyumba ya watu, amebeba mtoto, amejifunga kanga mpya. Mama amemwuliza kanga hiyo imetoka wapi. Paskalina anatazama chini. Je, ni wewe uliyeituma?

Dada yako,
Klara


Muheza, 27 Mei 1954

Dada yangu mpendwa Klara, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila mbu wa huku wananila kama nimepikwa. Barua yako ilinifikia inanukia kabichi, nikakumbuka nyumbani. Kazi ni nyingi. Mizani mpya imefika na mimi ndiye niliyekabidhiwa, hata mnyapara mkuu sasa ananiita Bwana Karani mbele za watu. Mwambie Mama hilo. Kuhusu mabati, nimezungumza na mtu wa Korogwe mwenye lori, na njia ikikauka yatapanda. Mwambie na hilo. Mwambie pia apake mguu mafuta ya taa yaliyochanganywa na chumvi, wazee wa huku wanayasifu.

Nimehuzunika kusikia habari za mtoto. Pamoja na barua hii namtumia chupa ya mafuta ya mbarika. Apewe kijiko kizima ili uchafu wote wa tumbo utoke. Karani mwenzangu, ambaye amesoma kunipita, anasema pia kwamba mtoto anayehara asipewe chakula wala maji mengi, tumbo lipumzike. Kwa hiyo naona Mama hajakosea sana, na sikuona vema kumwandikia kwamba amekosea. Wewe mwenyewe unamjua.

Kuhusu kanga na habari za Lushoto, hayo ni maneno ya sokoni, na mimi mambo ya wanawake siyaingilii. Paskalina avumilie, yatapita.

Mnibusie mwanangu. Kila nikikaa kula namwona anavyoning'ata kidole kwa vile vijino vyake viwili vya chini, kisha anacheka. Mungu awalinde wote.

Mdogo wako,
Yonathani, Karani wa Mizani


Mlalo, 8 Juni 1954

Mdogo wangu Yonathani, Bwana Karani wa Mizani,

Mama amefurahi kuhusu mizani, na amewaambia watu kanisani hata wasiouliza. Mguu wake hajaupaka mafuta ya taa, anasema yeye si kibatari. Rubeni hajambo. Wanangu wote walilala kila mmoja na ndoo yake, sasa wameanza kula. Mafuta ya mbarika yamefika. Nimeyapaka bawaba za mlango wa Mama uliokuwa ukipiga kelele, na mlango umepona kabisa. Mtoto anahara, wewe unamtumia dawa ya kuharisha. Huyo karani mwenzako aliyesoma amelea watoto wangapi?

Naandika kwa hasira, na hasira yenyewe ni yako, kwa hiyo isome yote.

Ugonjwa umerudi na safari hii una nguvu. Mvua imesomba uchafu wa vyoo vya juu mpaka kwenye chemchemi tunayochota, na mlima mzima unatapika. Hezekia ameshikwa mara ya pili. Mama hakungoja. Alimwambia Paskalina afunge mzigo wake arudi Gare, au aende kwa huyo wa Lushoto mwenye kanga, na mtoto abaki kwa kuwa ni wa ukoo na maziwa yale hayafai tena. Alisema kwa Kishambaa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa kwa Kishambaa ni chungu zaidi.

Mimi nilikuwa natoka shamba, nikakutana na mkeo kwenye mteremko, mzigo kichwani, kifua kimelowa maziwa. Nikamshika mkono, nikamwambia turudi tukaseme. Akaniambia, "Wifi, si mimi wa kusema." Akaendelea kushuka. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo.

Mtoto nimemchukua kwangu nikampeleka dispensari, mvua inanyesha. Dresa Bakari, anayetibu pale peke yake, alinikaripia kabla hajamtazama, maana ukumbi wote ulikuwa umejaa watoto wanaotapika na alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Nilipomtajia neno la Mama alinyanyua mkono ninyamaze. Akasema ugonjwa huu hauna habari ya kitandani. Unaingia kwa mdomo, kutoka kwenye maji na mikono, na watoto hawafi kwa kuhara kwenyewe. Wanakufa kwa kukauka. Mwili unamwaga maji na hakuna anayeyarudisha.

Kisha akanionyesha, na nakuonyesha na wewe, ili usije ukasema hukuambiwa. Macho ya mwanao yameingia ndani. Utosi umebonyea, na Mama alikuwa ameupaka dawa nyeusi ili upande juu. Bakari alifinya ngozi ya tumbo, akaiachia, ikabaki imesimama kama kitambaa. Winda ni kavu kwa kuwa hakojoi. Na analia, Yonathani, uso wote umekunjamana, mdomo wazi, na machozi hayatoki. Nimelea watoto na sijawahi kuona mtoto analia hivyo. Bakari alisema hilo ndilo la kuogopa, hilo na usingizi. Mtoto akianza kulegea, asiamke ukimwita, au akakataa kunywa kabisa, nisirudi kwake yeye, nimbebe moja kwa moja hospitali ya Lushoto, njia iwe imemegeka au haikumegeka.

Mpaka hapo dawa ni kunywa. Maji yaliyochemka sawasawa, na uji wa mahindi mwepesi wa kumiminika, wenye chumvi kidogo sana. Aliniambia nionje kwanza, chumvi isizidi ile ya machozi. Kijiko kimoja, unangoja, kingine. Akitapika unangoja kidogo unaanza upya, hukati tamaa. Mikono kwa sabuni, na kama sabuni hakuna, majivu. Mbarika ni marufuku. Na juu ya yote anyonye, anyonye kila anapotaka, kwa kuwa hakuna uji unaofikia maziwa ya mama yake. Nikamjibu kwamba mama yake amefukuzwa. Bakari akanitazama kama mimi ndiye niliyemfukuza.

Sasa nakuja kwako. Unasema mtoto anakung'ata kwa vijino viwili vya chini. Ulipoondoka hapa baada ya Krismasi alikuwa na ufizi mtupu. Meno hayo yalitoka karibu na Pasaka. Mimi sikukuandikia habari za meno, na Mama na Paskalina hawajui kuandika.

Sikuulizi ulikuwa wapi Jumatatu ya Pasaka. Ulilala na nani si kazi yangu, ni mkeo wa ndoa. Nakuomba umwandikie Mama kwamba ulikuwa wewe. Atakasirika, na hasira za Mama sisi wote tumezioga, hazijaua mtu. Lakini Paskalina atarudi na mtoto atanyonya. Ukinyamaza, mwanao anabaki na kijiko changu, na mimi pia nina shamba na watoto wangu, na Mama akija hapa na nikigeuka anamwaga kikombe. Andika leo.

Klara


Muheza, 17 Juni 1954

Dada Klara, shikamoo.

Barua yako nimeipokea na imenisikitisha kwa namna ulivyoiandika. Mimi ni kichwa cha nyumba yangu na si vizuri kuhojiwa na dada yangu kama niko kituo cha polisi.

Nimeomba ruhusa nije. Bwana wa shamba la mkonge amekataa, anasema mizani haiwezi kuachwa msimu huu. Mabati yako Mombo tayari, yanangoja lori. Mwambie Mama.

Mwambie Mama pia kwamba mimi nasema Paskalina arudi nyumbani. Sababu si lazima itajwe. Nimesema arudi, inatosha.

Wewe unajua Mama akichukia anavyokuwa. Hanitazami tena usoni mwaka mzima. Baba alipokuwa hai aliwahi kulala shambani kwa ajili ya ulimi wake, na Baba hakuwa mtu wa kuogopa. Si kila jambo linasemeka katika karatasi.

Mpe mtoto hayo maji. Naomba uniandikie mara moja anaendeleaje. Sili vizuri.

Yonathani


Mlalo, 21 Juni 1954

Mdogo wangu,

Jibu lako sijaliona. Labda umeandika na limekwama Mombo, labda hukuandika. Nimechoka kungoja, nakuandikia tena. Salamu ni chache. Rubeni hajambo. Mbuzi amezaa. Hamida amenigawia sukari kidogo ya kutia kwenye uji wa mtoto, Mungu ambariki, maana watoto wake nao ndio kwanza wamesimama.

Mama ameshikwa.

Nilikwenda kwake juzi asubuhi kuchukua mawinda, nikamkuta amejikunja kwenye mkeka, hawezi hata kufika chooni. Ametapika, ameharisha maji matupu kama mjukuu wake, midomo imepasuka. Macho yameingia ndani vile vile. Nikamvua, nikamsafisha, nikambadili nguo, nikamlaza. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni muda wote huo, nikamshusha nikamlaza kando yake kwa kuwa mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Mama akaomba maji.

Nikajaza kikombe, nikakaa nacho mkononi. Usinihukumu. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nimebishana na mwanamke huyu juu ya maji tangu mwezi wa tano. Nikamwambia, "Mama, na wewe amekubemenda nani?"

Nilidhani atanitupia fimbo yake. Umri ule, mjane, mzee wa kanisa, na mtoto wake wa kumzaa anamwuliza swali kama hilo. Yeye akasema nilete maji. Nikampa, akanywa kidogo kidogo kama Bakari anavyotaka, akatulia, hakutapika, akaomba tena. Kikombe cha pili alikishika bila kunywa. Akamtazama Hezekia ambaye alikuwa analia kile kilio chake kikavu. Akasema, "Mpe na yeye."

Ndiyo yote. Hakusema amekosea, usingojee hilo maishani mwako. Habari ya Paskalina hakuitaja, na mimi sikungoja aitaje. Nikamtuma Rubeni Gare.

Mkeo amefika jana. Muda wote alikuwa anamnyonyesha mtoto wa kaka yake ili maziwa yasikauke. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo. Kwa kuwa mlango umepakwa mafuta yako, haukulia, na Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Alipogeuka alisikia mtoto anameza. Akabaki anasikiliza. Baadaye akaniambia nimpe huyo wa Gare uji, maana mwenye kunyonyesha hakai na njaa. Hajamwita kwa jina bado.

Sitaki kukudanganya. Mtoto hajapona. Ananyonya kidogo na kulala, nasi kila mara tunamwamsha tukiogopa ule usingizi. Kuhara kumepungua. Amelowesha winda leo asubuhi, kidogo, na Paskalina alinionyesha kwa mikono miwili kama watu wanavyoonyesha zawadi. Lakini analia bado bila machozi. Tumefunga mzigo wa kwenda hospitali Lushoto, uko mlangoni, na Rubeni hajaenda shamba ili awepo wa kubeba.

Na wewe bado hujasema. Mama haamini tena kwamba maziwa ndiyo yaliyomwumiza mtoto, lakini Lushoto hajaisahau, na kanga ile Paskalina ameikunja haifungi. Anaingia nyumba hii kama mgeni aliyesamehewa, wakati hana kosa. Unaona raha kwa hilo?

Klara


Muheza, 30 Juni 1954

Dada yangu Klara, shikamoo. Shikamoo tena.

Barua yako ya tarehe ishirini na moja nimeisoma nimesimama kwenye mizani, na watu wakangoja na mikokoteni yao. Sina salamu za kuandika. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, ya Mama. Najua hasomi. Msomee wewe, Paskalina akiwepo, lakini wewe mwenyewe usiisome.

Najua nilivyoandika ni upuuzi. Fanya utakavyoweza.

Niambie kama yu hai.

Yonathani


Mlalo, 11 Julai 1954

Mdogo wangu Yonathani,

Yu hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata, kwa kuwa safari hii nakuonea huruma, na ni mara moja tu.

Salamu ni hizi. Mvua imekatika, asubuhi kuna baridi kali na ukungu. Njia ya Lushoto imetengenezwa na malori yanapita, kwa hiyo mtu wako wa Korogwe hana kisingizio tena, na wewe pia. Rubeni na wenzake wamezungushia chemchemi mawe na kuchimba mfereji wa kugeuza maji ya juu. Mama ni mzima. Sasa ndiye anayezunguka mlima mzima kwa fimbo yake akiwaambia wanawake kwamba mtoto anayehara apewe maji, tena yachemke, na waonje chumvi kwanza. Hamida alinitazama, mimi nikatazama pembeni. Kwa namna anavyosimulia, yeye ndiye aliyegundua, na Bakari alijifunza kwake. Ukimwuliza habari ya kubemendwa anasema watu wa siku hizi wanapenda maneno.

Barua yako ya mwezi uliopita, ile ya kichwa cha nyumba, ilifika baada ya hii ya pili. Nimewashia nayo moto wa kuchemshia maji ya mwanao. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote iliyowahi kufanya.

Hii ya Mama nimemsomea kama ulivyotaka, bila kuisoma. Mama alikaa kwenye kigoda, Paskalina alikuwa anapepeta mahindi karibu na mlango, mtoto mgongoni. Nikasoma yote. Rafiki yako wa Lushoto na nyumba yake, jinsi ulivyomtumia Paskalina ujumbe Gare, kanga uliyoileta kwa mkono wako, jinsi ulivyombeba mtoto akakung'ata kidole, na jinsi ulivyopanda basi la alfajiri ili usionekane. Paskalina hakusimamisha ungo hata mara moja. Nikafika mwisho. Mama akasema nirudie pale pa Lushoto. Nikarudia. Akauliza, "Alifika Lushoto akarudi bila kunipa shikamoo?"

Hayo mengine hakuyagusa. Ulilala wapi, kwa nini hukuvumilia, kwa nini ulimwacha mkeo afukuzwe kwa ajili ya kanga yako, hakuna. Miezi miwili hii tumekaa tukiogopa hasira yake kuhusu mambo ya kitandani, na kumbe kinachomwuma ni salamu. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Paskalina ndiye aliyecheka, kidogo, akiwa amegeukia mahindi. Mama akamwita kwa jina, akamwambia kanga nzuri haikunjwi, aifunge.

Usidhani yamekwisha. Mama amesema utakapofika utamwamkia mlangoni na tena ndani, na hatakuitikia mpaka atakapoona vema. Nami nimemwambia asikuitikie haraka.

Paskalina ana ujumbe wake, na ameniomba niuandike kama alivyosema. Amesema mabati uje nayo mwenyewe. Uje mchana, siku ya gulio, upitie katikati ya soko ambapo yule mwanamke anauza, umsalimu kwa sauti, umwambie unakwenda kwa mkeo. Usije kwa basi la alfajiri. Amesema hataki barua nyingine yenye maneno hayo, anataka watu wakuone. Nilimwuliza kama kuna la kuongeza, kama salamu. Akafikiri, akasema salamu atakupa ukifika.

Hezekia amenenepa. Utosi umerudi sawasawa, winda sasa ni mafuriko, na anakula uji wa maharagwe mpaka masikioni. Meno yamekuwa manne, nakuambia mimi ili safari hii uwe umeambiwa. Siku alipopona tuliijua wote. Paskalina alikuwa amemweka chini akafue, naye akaudhika, akakunja uso, akafungua mdomo. Tukasimama, mimi na Mama na mama yake, hakuna aliyemwinua. Machozi yakatoka. Yakamshuka mashavuni mpaka kidevuni, na wanawake watatu wazima tumeinama tunamtazama anavyolia, Mama anamshukuru Mungu kwa Kishambaa.

Ukifika hatakujua. Amekusahau, na ukimchukua atalia sana. Usimnyamazishe haraka. Yatazame kwanza.

Dada yako,
Klara